Kilomita za Kwanza za Mzee Kuang

Vijana wangu wa yadi, siku mliyoniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa sijui nani aliwaambia kwamba mstaafu ndiye mwenye haja ya kujua ni saa ngapi. Nimeitundika sebuleni na inagonga inapotaka yenyewe. Mliniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi, maana kila nilipoanza kusimulia Guangzhou mteja aliingia na hadithi ikakatika. Sasa wateja ni wenu. Acheni nimalize.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo mlivisoma mlangoni kwangu, na mishahara yetu haikuwahi kuwa na hadithi ndefu.

Spana ya kwanza niliishika Tanga, kwenye gereji iliyokuwa na mafundi wengi kuliko jeki. Baadaye serikali ikanipeleka China kusomea mitambo, katika mji wa kaskazini ambako dizeli iliganda asubuhi nasi tukaganda nayo. Nikarudi na cheti, na Kichina, na mazoea ya kupenda supu ya tambi. Kichina kilikaa kabatini miaka mingi. Nilikuwa fundi na muuzaji Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, kwa tajiri aliyeuza magari mapya wakati ambapo gari jipya lilikuwa la wizara au la shirika, na mtu binafsi aliingia dukani kwetu kukimbia jua tu. Mwishoni mwa miaka ya tisini tajiri akapata wazo. "Kassim," akaniambia, "Wachina wameanza kutengeneza magari kwa fujo. Na wewe ndiye peke yako hapa unayeweza kugombana nao kwa lugha yao." Akapatana na duka moja la magari la Guangzhou, kusini mwa China: nikae kwao mwaka mmoja niwasaidie kazi, na papo hapo nikague mabasi madogo ya usukani wa kulia watakayotutengenezea.

Nilifika nikakuta joto la Tanga, na watu wanaozungumza Kikantoni. Kichina changu kilikuwa cha kaskazini. Walinielewa, lakini kwa uso wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Siku ya kwanza mwenye duka akanipa suti na kuniomba nisimame kando ya gari la mbele, karibu na kioo. Nikauliza nifanye nini. Akasema, simama tu. Duka lilikuwa linafunguliwa rasmi siku ile, na mgeni kutoka mbali huliongezea gari heshima. Nilipigwa picha nyingi kuliko gari lenyewe, na hakuna aliyeniuliza bei ya kitu chochote. Jioni nilirudi chumbani kwangu, ghorofa ya juu ya stoo ya vipuri, nikavua suti nikaikunja. Nilikuwa sijazungumza na mtu siku nzima.

Wanunuzi wa wakati ule wangewafurahisha. Magari ya watu binafsi yalikuwa ndiyo yanaanza, na wengi walinunua kabla hawajajua kuendesha. Mmoja alitia maji pale pa kutilia oili, kwa sababu alisikia injini inachemka. Mwingine alikataa plastiki ya viti isitolewe, akawa anateleza kila anapofunga breki, na akalileta gari turekebishe breki. Namba yenye nne, ambayo kwao hutamkwa karibu na kifo, hawakuitaka hata kwa dawa; yenye nane, namba ya utajiri, waliipigania. Kila gari lililotoka lilifungwa utepe mwekundu kwenye vioo vya pembeni. Fataki zilikuwa zimepigwa marufuku mjini, kwa hiyo tuliweka maputo chini, gari likayapita juu na kuyapasua, na watu wakapiga makofi. Kazi ya kupuliza maputo ilikuwa yangu. Cheti changu kutoka kaskazini kilinisaidia sana katika hilo.

Aliyeniokoa ni Sifu Mok, mkuu wa karakana. Sifu ni heshima wanayompa fundi au dereva aliyeiva, sawa na sisi tunavyosema fundi mkuu, ila wao wanaisema kwa moyo. Mok hakuwa na maneno. Aliniona nimesimama na puto mdomoni, akanivuta kwa mkono wa shati mpaka karakana, akanipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha akaiweka juu ya injini inayounguruma, mpini akauweka sikioni mwangu. Akahamisha ncha, silinda baada ya silinda. "Sikia," akasema. Nilidhani nimesoma mitambo. Wiki zile nilijifunza kusikia plagi inayokosa kuwaka, vali iliyolegea, beringi inayoanza kulia kabla haijajua yenyewe kwamba inalia. Bisibisi ile akaniachia. Ninyi mna kompyuta ya kuchomeka chini ya dashibodi, na ni nzuri, lakini umeme ukikatika mnakaa kwenye benchi.

Kesi ngumu zilikuwa ni hayo mabasi yetu madogo. La kwanza lilikuja usukani uko kulia, safi, isipokuwa mlango wa abiria nao uko kulia. Nikawaeleza watu wa kiwandani kwamba kwetu tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo abiria wangu atashukia katikati ya barabara akutane na lori uso kwa uso. Wakasema hakuna shida, awe anaangalia. Likarudi. La pili mlango ulihamishwa, na taa zikabaki zinamulika upande wa yule anayekuja. Likarudi. Kila sampuli ilichukua msimu mzima, na kila msimu tajiri aliniongezea muda. Mwaka mmoja ukawa miwili, ukaelekea wa tatu.

Ijumaa nilikwenda msikiti wa zamani wa Barabara ya Guangta, ule wenye mnara, na nikitoka napita mtaa wa Xiaobei, kwenye jengo la Tianxiu, kusikiliza kama kuna Kiswahili. Siku hizi naambiwa utadhani uko Kariakoo. Wakati ule tulikuwa wachache, na karibu wote wapita njia. Namkumbuka Hamad, Mzanzibari wa vifaa vya shule na midoli, aliyenikamata ngazini kana kwamba tulizaliwa nyumba moja.

"Kaka, wewe ndo yule wa magari asemae Kichina? Twende soko la Yide Lu ukansemee, tafadhali. Wale malaoban, wenye maduka, wakiniona mie tu bei yapanda. Nikiwambia tai gui, ghali, wanijibu mei you, mei you. Hakuna nini na kitu nakiona?"

"Wanamaanisha hakuna punguzo."

"Basi waseme hivo. Watu gani hawa hawana hata karibu."

Nilimsemea siku mbili. Tulicheka sana, tukala wali na samaki, akanisimulia nani kaoa mtaani kwao Malindi na nani kaacha. Kontena lake lilipopakiwa bandari ya Huangpu, naye akapanda ndege. Alinipa anwani na kunambia nifikapo Unguja niulize tu. Nilirudi chumbani nikajikuta nawasha redio ambayo haishiki stesheni yoyote ninayoielewa. Wapita njia wana ubaya wao: hukukumbusha ulichokuwa umeanza kukisahau.

Sasa nije kwa Mzee Kuang, maana ndiye niliyetaka kuwaeleza.

Alikuja dukani na baiskeli. Maisha yake yote alikuwa akifunga spoku kwenye kiwanda cha baiskeli, mkewe amekufa, mtoto wake wa pekee yuko Kanada. Nyumba yake ya urithi ilibomolewa kupisha barabara ya juu, akalipwa fidia, na fidia ile akaja kununulia gari. Barabara imekula nyumba, akasema, basi angalau nipate cha kupitisha juu yake. Alichagua gari dogo la saluni, rangi ya damu ya mzee. Wenzangu walimwambia umri wake ulishapita wa kupewa leseni. Akajibu kwamba anajua, gari si lake. Ni la mwanawe, Wenhua, anayerudi mwaka mpya wa Kichina. Na akatoa sharti ambalo hatujawahi kulisikia: gari lipelekwe nyumbani juu ya lori. Kilomita za kwanza ni za mwanawe.

Tukalipeleka juu ya lori. Ilikuwa ua wa maghorofa ya wafanyakazi wa kiwanda, na banda la baiskeli lilikuwa limefagiliwa na kupakwa chokaa upande mmoja kwa ajili yake. Maputo tuliyapasua kwa miguu, kwa kuwa gari lilikuwa limekatazwa kuyapita. Nikamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu yao. Nilipoinamisha kichwa mbele ya mvi zile, ulimi ukaniponyoka: "Shikamoo."

Akaniuliza nimesema nini. Nikaona aibu, lakini nikamweleza. Kwetu mtu hampiti mzee bila neno hilo, na mimi ilikuwa imepita zaidi ya mwaka sijapata wa kumwambia.

"Na mzee anajibu nini?"

"Marahaba."

Alilijaribu mara kadhaa, kila r ikimtoka l, huku mlinzi wa geti akitucheka. Kisha akasema, kwa Kichina cha kaskazini kilichopinda kama changu: "Siao Ka, betri la gari linalosimama linakufa?" Siao Ka ni Ka mdogo, kifupi cha Kassim. Nilikuwa na miaka arobaini na ushee.

Nikamwambia linakufa.

"Basi uwe unakuja Jumapili."

Hivyo ndivyo nilivyopata pa kwenda Jumapili. Nasema ukweli wangu, sikwenda kwa ajili ya betri. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua kwamba nakuja. Nilifika, nikasema shikamoo, akanijibu, tukafunua turubai. Niliwasha injini yeye akikaa kiti cha nyuma, mikono magotini, kama mgeni wa heshima anayepelekwa mahali. Tulikaa humo, gari likinguruma bila kwenda popote. Akanionyesha picha za Wenhua, nikamweleza habari za mama yangu, Tanga, anayetandika kitanda changu kila Ijumaa. Baada ya hapo tulizima, tukatoa breki ya mkono na kulisukuma mbele kidogo, Jumapili inayofuata tukalirudisha nyuma, ili matairi yasipate bapa upande mmoja. Mlinzi alikuwa akivuta kiti chake karibu atutazame. Nadhani ndiyo ilikuwa burudani yake ya wiki.

Ninyi ni mafundi, mnajua. Kuwasha injini na kuiacha iungurume mahali pamoja si dawa, ni kuchelewesha msiba. Maji yanajikusanya kwenye ekzosi, diski za breki zinaota kutu, petroli inageuka gundi. Gari limeumbwa litembee. Nilimwambia mara nyingi. Alisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Akija Wenhua."

Ramadhani ilinikuta kwake. Aliona sigusi chai, nikamweleza, na nyama ya nguruwe pia nikamweleza, jambo ambalo pale ni kama kumwambia mtu huli ugali. Jumapili iliyofuata nikakuta sufuria mpya, bado ina karatasi ya dukani ubavuni. Akanionyesha ndani na nje kwamba haijapikiwa chochote. Jua lilipozama tukala viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, ndani ya gari, milango wazi. Nililia kidogo na nikasingizia mvuke wa viazi.

Wenhua hakuja mwaka mpya. Kazi zilikuwa nyingi, angekuja mwezi wa nne, wakati wa sikukuu yao ya kufagia makaburi. Wakati huo ukapita, akasema mwezi wa nane, bila shaka. Simu yake ilipigwa pale getini, kwa kuwa ndiyo simu ya ua mzima, na Mzee Kuang alizungumza kwa sauti kubwa, akicheka, halafu alikuja kukaa kiti cha nyuma kimya. Mimi nami nilikuwa nikimpigia mama kupitia kwa jirani. Nilimwambia baada ya Idi. Kisha nikamwambia basi la tatu likikubali tu. Kisha mwezi wa nane.

Basi la tatu lilikubali. Mlango kushoto, taa sawa, kila kitu sawa. Nikapiga simu Dar kwa furaha. Tajiri akasema, "Kassim, bandari imejaa magari ya mtumba ya Kijapani. Nani atanunua jipya la Mchina? Rudi ukitaka. Au kaa, hao wenye duka wanasema wanakutaka." Hayo ndiyo yalikuwa malipo ya misimu yote ile. Mwenye duka kweli alinitaka, na mkataba ulikuwa mezani ukisubiri mkono wangu. Nilikuwa nimezoea. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba nilikuwa nimeuzoea upweke kiasi cha kutojua kama nikirudi nitaweza kukaa na watu.

Jumapili iliyofuata nilimkuta Mzee Kuang amesimama kando ya gari, turubai limekunjwa tayari. Nikasema shikamoo, hakujibu.

"Wenhua kanunua nyumba kule," akasema. "Haji. Kasema gari liuzwe. Wewe ni muuzaji, Siao Ka. Liuze."

Nilifungua boneti, nipate pa kuweka macho. Nikashika bisibisi ya Mok, nikasikiliza silinda moja moja kama daktari asiye na habari njema. Injini ilikuwa nzima. Ningeweza kumpeleka mnunuzi siku ile ile. Lakini nilimtazama mzee yule na mikono yake ya spoku, nikasema, "Haliuziki hivi. Gari ambalo halijatembea hakuna anayeliamini. Lazima litembee kwanza."

Si uongo, kwa muuzaji. Alifikiri sana. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akasita, akaufunga. Akazunguka, akakaa kiti cha mbele, pembeni yangu.

Mlinzi alitufungulia geti akiwa amesimama wima. Breki zililia kwa kutu mpaka njia kuu, kisha zikanyamaza. Tulipanda barabara ya juu. Mzee Kuang alishikilia mshikio wa mlango kwa mikono miwili na kutazama chini, na mahali fulani akasema, "Hapa. Hapa ndipo palikuwa jikoni kwetu." Tulipita juu ya jiko lake kwa gia ya nne. Hakunambia nigeuze, nami sikugeuza. Tulikwenda mpaka kando ya uwanja wa ndege, penye uzio ambako watu walisimama kutazama ndege zikishuka chini chini juu ya mapaa. Nikazima injini.

Tulikaa pale mpaka ndege kadhaa zikashuka. Kisha akauliza, bila kunitazama: "Wenhua aliniambia mwezi wa nane. Wewe mama yako ulimwambia mwezi gani?"

Alikuwa anajua.

"Wa nane," nikasema.

Akatikisa kichwa. Ndege nyingine ikapita juu yetu, gari zima likatetemeka. "Malahaba," akasema. Ilikuwa ni kwa ile shikamoo ya asubuhi.

Mkataba sikuutia saini. Gari halikuuzwa, na sikuuliza kwa nini. Jumapili yangu ya mwisho nilimwachia Mzee Kuang bisibisi, nikamfundisha kusikiliza kama nilivyofundishwa, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Nilipokuwa nahangaika ni nani atakayekuwa akiliendesha, mlinzi akakohoa, akasema alikuwa dereva wa malori jeshini. Jumapili zote zile alitutazama tukisukuma. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hatukumuuliza.

Mama nilimkuta hai, na kitanda kimetandikwa. Alinitazama akasema nimekonda, kisha akanipa kuni nikachanje. Nilirudi Barabara ya Pugu nikauza mitumba ya Kijapani mpaka mliponikuta ninyi, na hiyo ni kazi njema, siilaumu. Lakini upweke wa kule haukubaki kule. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiamka Jumapili nikitafuta viatu, nina pa kwenda, kisha nakumbuka sina.

Jumapili moja ya namna hiyo nilikwenda kwenye kibanda cha simu, nikapiga ile namba ya getini. Mlinzi alinitambua kwa neno la kwanza. Nikamsikia akiita uani, nikasikia ndala zikija taratibu.

"Shikamoo," nikasema.

"Malahaba, Siao Ka. Mama hajambo?"

"Hajambo. Wenhua je?"

"Ana mtoto. Ametuma picha." Kisha akaongeza: "Subiri. Usikate."

Simu ikawekwa juu ya kitu. Nikasikia ndala zikienda, mlango wa gari ukifunguliwa na kufungwa. Kisha injini ikawaka, mbali kidogo, na nikaziba sikio la pili kwa kidole. Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu walianza kunung'unika, maana walimwona mtu mzima ameshika simu na hasemi kitu. Nilisikiliza. Ilikuwa inanguruma vizuri, ila kulikuwa na kujikwaa kidogo, kunakuja na kupotea.

Ndala zikarudi.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, Mzee. Kuna plagi inakosa."

"Najua," akasema Mzee Kuang. "Ni ya tatu. Nilitaka kujua kama bado unasikia."